Amplifaya ya gari ya bei nafuu: pima wati kwa fyuzi, si kwa boksi

Ukizunguka maduka ya vifaa vya umeme katikati ya jiji la Mwanza, Makoroboi na mitaa ya jirani hadi Barabara ya Pamba, utakuta maboksi yanang'aa yameandikwa 3000W, 5000W, na bei ambayo haifiki hata ya jozi ya tairi za IST. Kabla hujashawishika, piga hesabu moja. Gari dogo likiwa linawaka, umeme wake unacheza kwenye volti 14. Wati 3000 kwa volti 14 ni zaidi ya ampea 210, na hapo tumejifanya kwamba amplifaya haipotezi hata wati moja kwa joto. Altaneta (jenereta ya gari) za Vitz, Passo na IST hazifiki hata nusu ya hizo, na bado zina taa, feni ya rejeta na chaji ya betri za kuhudumia. Kwa hiyo mashine inayodai wati 3000 ndani ya gari la namna hiyo haitoi wati 3000, na haitakaa izitoe.

Hiyo haina maana kwamba kila cha bei nafuu ni takataka. Zipo amplifaya za bei ya kawaida zinazotoa wati 50 au 60 safi kwa kila chaneli, miaka inapita bila kuzima. Na zipo za bei hiyo hiyo ambazo ukizifungua unakuta sehemu kubwa ni aluminiamu na hewa. Kuzitofautisha hakuhitaji ufundi wa kusomea. Unachotafuta ni kujua unalipa shilingi ngapi kwa kila wati inayofika kwenye spika, gharama ya waya ikiwa ndani ya hesabu.

Hatua ya 1: Anza na gari lako, duka baadaye

Fungua boneti, tafuta kibandiko cha altaneta au muulize fundi umeme wako ni ya ampea ngapi. Toa ampea 30 hadi 50 za matumizi ya gari lenyewe, hasa kama unatembea usiku na kiyoyozi. Kinachobaki ndicho cha muziki. Kwa magari mengi madogo utabakiwa na nafasi ya mfumo wa wati 300 hadi 500 za kweli bila kugusa altaneta wala kuongeza betri. Ukinunua zaidi ya hapo, unalipia wati ambazo gari haliwezi kuzilisha, na taa zitakuwa zinafifia kila besi inapogonga.

Wenye Coaster na Rosa, simameni hapa kidogo. Magari hayo ni ya volti 24, yana betri mbili zilizounganishwa mfululizo, na karibu amplifaya zote za dukani ni za volti 12. Kuna mafundi wanaochomoa waya katikati ya zile betri mbili ili wapate 12. Inafanya kazi, muziki unapiga, mwenye gari anafurahi. Lakini betri moja inanyonywa na mwenzake inachajiwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zinakufa. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 chenye ampea za kutosha, na bei yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. Hiace nyingi za daladala ni za volti 12, hazina shida hiyo.

Hatua ya 2: Tafuta neno RMS

Namba kubwa ya mbele ya boksi ni ya kilele, yaani kile ambacho mashine inaweza kukirusha kwa kufumba na kufumbua, au ambacho mwandishi wa boksi ameota. Hata kampuni zenye jina kama Pioneer huandika ile ya juu kwa herufi kubwa, lakini wao wanakupa na ya pili: RMS, wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo. Hiyo ndiyo ya kusoma. Iwe imeandikwa pamoja na omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika, mathalani "60W x 2, 4 omu". Wati zisizotaja omu hazina kichwa wala miguu.

Ukiona boksi au kitabu chake kimetaja CEA-2006 au CTA-2006, hiyo ni dalili njema. Ni kiwango cha hiari kilichotoka Marekani mwaka 2003: wati zinapimwa kwa volti 14.4, spika ya omu 4, na mkwaruzo wa sauti usizidi asilimia 1. Aliyepima hivyo hana nafasi kubwa ya kudanganya. Ila usikitegemee sana. Mashine nyingi za bei ya chini hazikitaji kabisa, na mfoji anaweza kukichapa kama anavyochapa nembo.

Mazungumzo ya dukani huwa yanaenda hivi:

"Bosi, chukua hii, wati elfu tatu, inapasua vioo."

"RMS ngapi?"

"RMS ndiyo hiyo hiyo kaka, elfu tatu."

Usibishane naye. Sema asante, kisha omba kuishika mashine mkononi.

Hatua ya 3: Hesabu fyuzi

Geuza upande wa nyaya. Utaona fyuzi za plastiki zenye rangi na namba juu yake: njano ni ampea 20, nyeupe ya kuonyesha ni 25, kijani ni 30, rangi ya chungwa ni 40. Jumlisha zote. Zidisha kwa 14. Hapo umepata wati za juu kabisa zinazoweza kuingia kwenye mashine kutoka kwenye betri.

Zinazotoka ni pungufu, kwa sababu nyingine zinageuka joto. Amplifaya ya klasi AB, ambayo ndiyo nyingi ya zile za chaneli mbili na nne za zamani, inatoa takriban nusu ya inachokula, ikijitahidi inafika asilimia 60. Klasi D, ambayo kwa sasa imejaa kwenye mashine za sabufa na zile ndogo ndogo, inatoa asilimia 75 hadi 80 au zaidi kidogo. Klasi huandikwa kwenye boksi au kwenye bodi yenyewe.

Chukua mashine ya klasi AB yenye fyuzi moja ya 25. Mara 14 ni wati 350. Nusu yake ni 175. Hizo ndizo wati zake zote, kwa chaneli zote kwa pamoja, hata boksi liseme 2000. Kama ni ya chaneli nne, kila spika inapata kama wati 40. Si mbaya kwa spika za milango, lakini usiifungie sabufa ya inchi 12 halafu ukalalamika.

Kuna tahadhari moja. Fyuzi inakuambia mashine haiwezi kuzidi hapo. Haikuhakikishii kwamba inafika. Mtengenezaji mjanja anaweza kupachika fyuzi tatu za 40 kwenye kibodi cha wati 100, kwani fyuzi ni za bei ya karanga. Kwa hiyo angalia na tundu la kuingizia waya wa betri. Kama tundu linameza waya mwembamba tu wa namba 8, ambao shaba yake ni kama milimita 8 za mraba, mashine hiyo haikuumbwa kupitisha ampea 120. Kwa ampea hizo ungetegemea tundu la waya wa namba 4, milimita 21 za mraba. Fyuzi na tundu vikipingana, amini tundu.

Hatua ya 4: Ipime uzito, kisha omba ifunguliwe

Kwa klasi AB uzito unasema mengi: wati nyingi zinataka koili kubwa na aluminiamu nene ya kupoza. Kwa klasi D uzito hausemi kitu, zipo nyepesi zinazopiga vizuri sana, na wauzaji wanajua hivyo, ndiyo maana kila nyepesi siku hizi ni "klasi D".

Ndiyo maana nasisitiza kufungua. Mfuniko wa chini hushikwa na skrubu nne hadi nane za nyota. Muuzaji anayejiamini atakufungulia, hasa ukimwambia fedha unayo na unanunua leo leo. Akikataa kwa sababu ya garantii, mwombe afungue ya maonyesho. Akikataa na hiyo, unayo haki ya kuondoka, mbuzi kwenye gunia hanunuliwi.

Ndani tafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni koili ya duara iliyozungushiwa waya wa shaba, ikiwa upande wa kuingilia umeme. Hiyo pamoja na transista za jirani yake ndiyo inapandisha volti 12 kuwa volti za juu zaidi, na bila kupandisha huko hakuna wati za maana. Bila hiyo, betri ya volti 14 haiwezi kusukuma zaidi ya wati 18 hadi 22 za kweli kwenye spika ya omu 4. Hicho ndicho redio yako ya dashibodi inatoa tayari, ingawa imeandikwa 50W x 4. Vile viamplifaya vidogo vya bei ya kutupwa visivyo na koili ya kupandishia vina chipu ile ile ya redioni imewekwa kwenye kasha lake lenyewe. Ukifunga, utasikia tofauti kwa sababu tu umegharamia. Angalia pia unene wa waya uliozungushwa: mnene, umejaa vizuri, au nyuzi chache nyembamba zilizolegea?

Cha pili ni transista, vile vipande vyeusi vya miguu mitatu vilivyobanwa kwenye ukuta wa aluminiamu. Zihesabu, halafu angalia nafasi zilizoachwa wazi kwenye bodi. Bodi ya nafasi kumi na sita iliyojazwa nane ni jambo la kawaida, ni modeli ndogo ya familia moja, mradi bei nayo iwe ndogo. Kibaya ni transista zilizobanwa ukutani ambazo miguu yake haijachomelewa popote, zimewekwa kama mapambo. Fuata kila mguu kwa macho hadi kwenye bodi.

Cha tatu ni kapasita, vile vikopo vidogo. Za upande wa betri ziwe zimeandikwa angalau 16V, na 25V ni afadhali. Vichwa viwe bapa; kichwa kilichotuna kimeshakwisha.

Hatua ya 5: Omu

Kwa kifupi. Spika nyingi za milango ni omu 4. Sabufa mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 2. Kama kitabu kinasema mashine inavumilia omu 4 pale unapounganisha chaneli mbili kuwa moja, usiipe omu 2, itajizima kwa kinga au itaungua. Na usilipie mashine ya "omu 1" kama huna sabufa ya kuifikisha huko: wati zake za omu 1 hutazipata kwenye omu 4, utapata karibu theluthi tu.

Hatua ya 6: Gawa bei kwa wati

Hapa ndipo thamani inapoonekana. Tuchukue bei za mfano tu. Mashine ya kwanza inauzwa 120,000, boksi linasema 2000W, klasi AB, fyuzi moja ya 25: wati 175 za kweli. Ya pili inauzwa 190,000, boksi linasema 800W, klasi D, fyuzi mbili za 25: mara 14 ni 700, robo tatu yake ni 525. Ongeza waya, 40,000 kwa ya kwanza na 70,000 kwa ya pili kwa sababu inataka nene zaidi. Ya kwanza imekugharimu 160,000 kwa wati 175, zaidi ya shilingi 900 kwa wati. Ya pili ni 260,000 kwa wati 525, chini ya shilingi 500 kwa wati. Ya boksi la aibu ndiyo ya bei nafuu.

Lakini usilewe na hesabu hiyo. Kuongeza wati mara mbili kunaongeza sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua lakini haishtui. Ili usikie sauti imekuwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Spika yenye usikivu (sauti inayotoa kwa wati moja) wa desibeli 90 ikilinganishwa na ya 87 inakupa zile desibeli 3 bure, bila waya mnene wala altaneta kulia. Mtu mwenye 250,000 na spika zilizochanika milangoni, ushauri wangu ni anunue spika nzuri na amplifaya ndogo ya wati 50 kwa chaneli. Atawazidi wengi wenye maboksi ya 5000.

Hatua ya 7: Ijaribu kabla hujalipa

Nenda na multimita, hata ile ya bei ya chini. Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa hezi 50. Usitumie mlio wa juu sana, kwa sababu multimita za bei ndogo zinasoma vibaya huko. Unganisha mashine kwenye gari linalowaka, na sabufa yenye omu unazozijua. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa matundu ya spika, ongeza sauti polepole hadi mlio uanze kukwaruza, rudisha kidogo, soma namba. Fanya haraka, sekunde chache, usije ukaichoma sabufa ya watu.

Zidisha namba hiyo yenyewe kwa yenyewe, gawa kwa omu. Ukisoma volti 14 kwenye omu 4: 14 mara 14 ni 196, gawa kwa 4, ni wati 49. Omu za sabufa hupandashuka kidogo kulingana na mlio, kwa hiyo jibu ni la kukadiria, lakini linatosha kumtofautisha wa 50 na wa 500. Pima na spika ikiwa imeungwa. Bila spika, hata mashine dhaifu itaonyesha volti za kujivunia.

Ukiwa hapo hapo, hamisha multimita kwenye DC na upime volti za betri kwenye matundu ya amplifaya yenyewe, muziki ukiwa juu. Zikishuka chini ya 12 huku kwenye betri ni 14, tatizo ni waya, mashine haina kosa.

Halafu wacha muziki upige dakika kama ishirini. Ishike. Joto la kuweza kuacha kiganja ni sawa, klasi AB lazima ipate joto. Ikikulazimisha kutoa mkono, au taa ya kinga ikawaka nyekundu, fikiria itakavyokuwa chini ya kiti, gari limeanikwa mchana kutwa stendi ya Nyegezi. Mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta mara nyingi ni eathi mbaya, usiihukumu mashine kwa hilo kabla hujakwangua rangi pale eathi ilipofungwa.

Zilizotumika

Kwa bei nafuu, mashine iliyotumika ya kampuni nzuri mara nyingi inazidi mpya ya jina lisilojulikana. Ila ukanda wetu una unyevu wa ziwa, na vifaa vilivyokaa kwenye mitumbwi ya injini au gereji za kando ya maji vinaota ukungu wa kijani kwenye skrubu za shaba. Kijani kidogo kinasafishika; kilichoingia kwenye bodi hakifai. Kabla haijaungwa kwenye betri, weka multimita kwenye kipimo cha mlio, gusa matundu ya chanya na hasi kwenye amplifaya: kikilia mara moja na kunyamaza ni kapasita zinajaa, kikilia mfululizo transista zimekufa. Ikiwashwa bila muziki, pima volti za DC kwenye matundu ya spika. Chini ya 0.05 ni salama. Ikikaribia volti nzima, itakula spika yako taratibu.

Waya

Waya wa "shaba" wa bei ndogo mara nyingi ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na unapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi. Kwangua kwa kisu: ukiona nyeupe ndani, ama ushushe bei na uchukue namba nene zaidi, ama uuache. Ikiwa nje ni nyeupe na ndani ni nyekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa bati; ichukue, inavumilia unyevu kuliko shaba tupu. Fyuzi kubwa ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri. Hapo sina mjadala, waya mnene usio na fyuzi ukichubuka kwenye bodi ya gari unawasha moto.

Kwa wa visiwani wenye sola

Wengi Ukerewe na visiwa vya jirani wanafunga amplifaya za gari kwenye betri ya sola kibandani. Kwenu chagueni klasi D tu. Muziki wa kawaida hula wastani wa theluthi ya fyuzi au chini ya hapo: fyuzi ya 25 ni kama ampea 8. Betri ya 100Ah (ampea 100 kwa saa moja), mkitumia nusu yake ili isife mapema, inawapa saa sita. Klasi AB kwa sauti ile ile itazipunguza kuwa kama nne.

Risiti

Dai risiti ya EFD, na namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine iandikwe juu yake, maana fundi au muuzaji akibadilisha mashine huna pa kusimamia. Kubalianeni kwa maandishi siku za kurudisha. Wa Sengerema, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, anaweza kurudi dukani siku hiyo hiyo. Wa Nansio, Ukerewe, afanye majaribio yote ya hatua ya saba kabla meli haijang'oa nanga.